Kijiji cha Rika: Watoto wa Nyanda za Juu Kusini na Dunia ya Simu

Katika sharika zetu za Mbeya na Iringa, mikutano ya wazazi siku hizi hufika mahali pamoja. Ajenda huweza kuwa ada ya kambi ya vijana au sare za kwaya ya watoto, lakini kabla ya sala ya kufunga mazungumzo yamekwisha kuhamia kwenye simu. Watoto wanakesha. Wanaimba nyimbo ambazo hakuna mtu wa nyumbani aliyewafundisha. Wanacheka mambo ambayo baba na mama, waliokaa nao sebule moja, hawayaoni. Mwishoni mzee mmoja husema neno ambalo wengi huliitikia: zamani mtoto alikuwa wa wazazi wake, leo ni wa dunia nyingine.

Neno hilo lina uchungu wa kweli, nasi hatulipuuzi. Lakini tukifungua historia ya nyanda hizi tunakuta jambo la kushangaza. Wako watoto hapa kwetu waliowahi kuishi katika dunia yao wenyewe, wakiwa mbali na macho ya wazazi usiku kucha, tena kwa ridhaa ya wazazi hao. Dunia hiyo haikuwaharibu wote, wala haikuwaacha bila malezi. Inafaa tujue ilishikiliwa na nini, kwa maana huenda tunachokitafuta leo kwa hofu kilikuwako kwetu kwa jina lingine.

Kijiji kilichojengwa na wavulana

Kati ya mwaka 1934 na 1938, wataalamu wawili wa mila na jamii, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa wa Rungwe. Monica alikuwa binti wa wamishonari, mzaliwa wa Lovedale huko Afrika Kusini. Godfrey alifariki mwaka 1944, na mkewe akaendelea kuandika waliyoyaona pamoja. Kitabu chake cha mwaka 1951, *Good Company*, kinaeleza kwa kirefu habari za vijiji vya rika.

Kwa maelezo hayo, mvulana alichunga ng'ombe wa baba yake tangu angali mdogo, mwenye miaka kama 6. Alipofika miaka 10 au 11 aliwaachia wadogo zake kazi ya kuchunga, akashika jembe katika shamba la baba, na tangu hapo hakulala tena nyumbani. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao kando ya kijiji cha baba zao. Mwanzoni vilikuwa vibanda vya kitoto tu. Kadiri wavulana walivyokua, vibanda navyo vilikua. Baadaye walioa, wakaleta wake zao pale pale, na kambi ya watoto ikawa kijiji kamili. Rika lile liliishi pamoja hivyo hadi uzeeni.

Kwa nini wazazi walikubali? Wanyakyusa walitoa sababu mbili. Ya kwanza ni heshima: haikufaa kijana anayekua alale karibu na mambo ya ndani ya wazazi wake. Ya pili ni neno la Kinyakyusa lenye maana pana, *ukwangala*. Kukaa na wenzako kwa furaha, kuzungumza, kula pamoja, kusaidiana, kuwa na adabu mbele za watu: yote hayo ni ukwangala. Waliamini kwamba hekima hupatikana katika mazungumzo na wenzako, na kwamba mtu akaaye peke yake hawezi kuwa mtu mzima wa kutegemewa.

Hatusimulii haya ili tuyapambe. Kijiji cha rika kilikuwa cha wavulana. Wasichana walibaki kwa mama zao, wakachumbiwa wakiwa wadogo sana, wakaolewa kabla hawajapata nafasi ya kusema wanataka nini. Katika vijiji hivyo kulikuwa pia na ugomvi, wivu na tuhuma za uchawi. Lakini hakuna aliyesema kwamba watoto wale wamepotea. Wazazi walijua walipo.

Mambo matatu yaliyowashikilia

Tukisoma kwa makini tunaona kwamba mambo matatu yaliunganisha kijiji cha watoto na kijiji cha wazazi.

La kwanza ni chakula. Mvulana alilala na wenzake, lakini alikula kwa mama. Wala hakwenda kula peke yake. Alikwenda na kundi la rafiki zake. Leo wakala kwa mama huyu, kesho kwa yule. Mama alifurahi akiona mwanawe amekuja na wenzake, na aliona vibaya akizoea kuja peke yake. Kwa njia hiyo kila mama aliwafahamu rafiki wa mwanawe kwa sura, kwa majina na kwa tabia zao. Hakuhitaji kuwapeleleza, kwa kuwa walikuwa wakila mbele yake.

La pili ni jembe. Kijana aliendelea kulima shamba la baba yake. Humo shambani baba alipata nafasi ya kusema naye, kumwonya, kumsifu, na kumfundisha kazi kwa mikono. Baba naye alikuwa na wajibu wake, kwa maana ng'ombe wa mahari walitoka kwake. Kila upande ulimhitaji mwenzake.

La tatu ni kukabidhiana. Mara moja katika kizazi, ilifanyika sherehe kubwa iliyoitwa *ubusoka*. Moto wa zamani ulizimwa, moto mpya ukawashwa, na wazee wakasogea kando ili vijana wao wapate ardhi na uongozi. Hivyo watoto waliojenga vibanda vya kuchezea walijua kwamba siku moja nchi itakuwa mikononi mwao. Wazee nao walijua kwamba watakaowapokea ni hao hao, na kwa sababu hiyo hawakuweza kuwapuuza.

Kulikuwa na jambo lingine lililohusu wote, wakubwa kwa wadogo. Wanyakyusa waliogopa kile walichokiita pumzi ya watu. Mtu akitenda vibaya, majirani wakanung'unika, iliaminika kwamba manung'uniko hayo humshika kama baridi na kumletea homa. Sisi tunaomwamini Kristo hatuyapokei mafundisho hayo jinsi yalivyo. Lakini yamebeba ukweli mmoja kuhusu binadamu: maneno ya wengi yana nguvu ya kumwumiza mtu mwilini. Na tuangalie jinsi pumzi ile ilivyokuwa na mipaka. Ilitoka kwa majirani unaowajua. Ungeweza kwenda kwao, kukiri, kuchinja mnyama, kula pamoja, na mambo yakaisha.

Misheni, migodi na wazee wa Malangali

Wamishonari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo wale wa Berlin wakafika upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Baadaye Waberlin walisonga hadi Ukinga, Ubena na Uhehe, nao Wabenediktini wakajenga Tosamaganga karibu na mji wa Iringa. Injili ilikuja pamoja na kitabu na shule. Baadhi ya waliobatizwa waliacha vijiji vya rika wakajenga karibu na misheni, ambako wazee na vijana waliishi jirani. Huko mtoto aliyejua kusoma aliweza kuwasomea watu wazima Neno la Mungu. Jambo hilo lilikuwa geni: mdogo kujua asichokijua mkubwa. Kanisa halikumnyang'anya kitabu. Lilimweka akisome mbele ya watu wote.

Kisha yakaja mengine. Mji wa Mbeya ulianzishwa mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa kule Chunya. Vijana wetu walikwenda Lupa, wakavuka hadi migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, na wengine wakafika Afrika Kusini. Ardhi ya Rungwe ilianza kuwa haba, kahawa na chai zikaichukua, na shule ikachukua saa za mtoto. Vijiji vya rika vikafifia bila mtu kuvipiga marufuku.

Upande wa Iringa kuna kisa ambacho wenye shule za kanisa wangefaa kukisoma. Mwaka 1928 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya Malangali, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Mufindi. Mkuu wake, W. B. Mumford, aliona kwamba mtoto akipelekwa bweni anakatwa kutoka kwa watu wake. Akajaribu dawa: akawaalika wazee waishi shuleni, wawafundishe wavulana mila, ngoma na historia za makabila yao. Mwaka 1930 aliandika makala kuhusu jaribio hilo katika jarida la *Africa*.

Jaribio halikudumu. Waafrika wengi waliliona kama njia ya kuwazuia watoto wao wasipate elimu ile ile waliyopata Wazungu, nao walikuwa na haki ya kushuku, maana aliyepanga mila ipi ifundishwe alikuwa mtawala. Hata hivyo swali la Malangali halijafa. Mtoto akitolewa nyumbani na kuwekwa mahali penye watoto watupu, wazee wake watamfikiaje? Mumford alijibu kwa kuajiri wazee. Wazazi walitaka jibu ambalo lingempa mtoto mlango wa dunia mpya bila kumfungia wa nyumbani. Sisi nasi tunatafuta jibu hilo.

Redio iliyosikilizwa na wengi

Redio nayo ilipoingia vijijini watu waliihofia kidogo na kuipenda sana. Lakini ilikuwa ghali, kwa hiyo ilikuwa ya wengi. Mwenye redio alikuwa na wageni kila jioni. Mtoto alisikia taarifa ya habari na nyimbo huku babu yake akiwa pembeni, akikubali, akikataa, akiuliza.

Mwaka 1973 taifa lilifanya jambo ambalo wengi wa rika la wazee wetu walishiriki: kampeni ya *Mtu ni Afya*. Kwa wiki 12 Redio Tanzania ilirusha vipindi vya afya, na watu takriban milioni 2 nchini kote walivisikiliza wakiwa katika vikundi. Utaratibu ulikuwa rahisi. Kikundi kilikutana na kiongozi wake. Kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kikajadili: je, haya yapo hapa kwetu? Kisha kikaamua la kufanya, na wiki iliyofuata watu wakaulizana kama wamefanya. Vyoo vingi vilichimbwa mwaka ule kwa sababu ya sauti iliyotoka kwenye kisanduku.

Ni muhimu kuona kwamba nguvu haikuwa ya redio peke yake. Sauti ile ile, ikimfikia mtu mmoja chumbani kwake, ingepita kama upepo. Ilizaa matunda kwa sababu ilipokelewa na watu waliokaa pamoja na kuulizana.

Televisheni ilichelewa. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake hadi mwaka 1994. Kabla yake na baada yake, katika miji kama Mbeya, Makambako na Iringa, kulikuwa na vibanda vya video. Humo watoto walilipa sarafu chache wakaona sinema za vita na mapenzi gizani. Wahubiri walivilaani vibanda hivyo, lakini wazazi wachache tu waliinama wakaingia kuona kinachoonyeshwa. Tukitafuta mwanzo wa tatizo letu la leo, tusianze na simu. Tuanze na kibanda kile, ambapo kwa mara ya kwanza mtoto alitazama dunia bila mkubwa wake kuwa kando yake.

Kijiji kisicho na njia

Sasa tuifikie simu. Facebook ilianzishwa mwaka 2004, YouTube 2005, WhatsApp 2009, Instagram 2010, na TikTok ikaenea duniani kuanzia mwaka 2018. Hapa nchini, huduma ya M-Pesa iliyoanza mwaka 2008 iliifanya simu kuwa kitu cha lazima nyumbani. Simu ikawa benki, tochi, saa, redio na barua. Basi isitushangaze kwamba mtoto anaishika. Nyumba nzima imeegemea humo.

Kuna hali moja ya mikoa yetu inayoleta uzito zaidi. Tangu mwaka 2004, kwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zimejengwa kwa wingi. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kata zetu ni kubwa na zina milima, na si kila shule ina hosteli. Kwa hiyo wanafunzi wengi hupanga vyumba karibu na shule, wawili au watatu pamoja, wakijipikia wenyewe. Wanaviita geto. Wana miaka 14 au 15. Shule inakataza simu, lakini chumbani simu ipo, kwa sababu mzazi hutuma fedha ya unga na mkaa kwa simu hiyo.

Mtu akitazama geto lile haraka atasema ni kijiji cha rika kimerudi. Watoto wanalala na wenzao, mbali na wazazi. Lakini angalia kilichokosekana. Hakuna mama wanayekula kwake kwa zamu. Hakuna shamba wanalolima na baba. Na usiku, kila mmoja anapogeukia ukuta na simu yake, hata ukwangala wenyewe haupo. Wako watatu chumbani, na kila mmoja yuko peke yake na watu elfu asiowajua.

Kijiji kile cha ndani ya simu kina tofauti nyingine kubwa. Kijiji cha Rungwe kilijengwa na wavulana wenyewe kwa faida yao. Hiki kimejengwa na makampuni ya biashara, ambayo mapato yake makubwa ni matangazo, na kinachouzwa kwa mtangazaji ni muda na macho ya anayetazama. Mtoto akitazama zaidi, kampuni inapata zaidi. Kwa hiyo ukurasa umetengenezwa usiwe na mwisho. Mtu mmoja aliyeubuni ukurasa wa namna hiyo mwaka 2006, Aza Raskin wa Marekani, baadaye alisema hadharani kwamba anajutia kazi ile. Hata umri wa miaka 13, ambao makampuni mengi huutaja kuwa mwanzo wa mtoto kujiunga, haukutokana na hekima ya walezi. Ulitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 kuhusu kukusanya taarifa za watoto. Kimsingi ni mstari wa kisheria wa biashara, na wazazi wengi wanaudhani ni ushauri wa malezi.

Kisha ipo pumzi ya watu. Ilikuwa ya majirani. Sasa ni ya dunia. Msichana wa Mafinga akipigwa picha ya aibu na mwenzake, picha hiyo inaweza kufika Tunduma kabla ya jua kutua. Hakuna wazee wa kuitwa, hakuna mnyama wa kuchinjwa, hakuna siku ambayo watu watasema sasa yameisha. Picha inakaa. Mtoto anaishi na baridi ile bila kujua inatoka upande gani.

Na hatari kubwa zaidi tuiseme waziwazi, kwa kuwa kunyamaza hakumlindi mtoto. Utafiti uliofanywa hapa Tanzania na UNICEF, ECPAT na INTERPOL, uliotolewa mwaka 2022, ulikuta kwamba asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walikuwa wametendewa ukatili mkubwa wa kingono kupitia mtandao katika mwaka mmoja. Watafiti walikadiria kuwa ni watoto wapatao 200,000. Mtendaji mara nyingi si mgeni wa mbali, ni mtu ambaye mtoto anamfahamu. Na wengi wa watoto hao hawakumwambia mtu. Sheria ipo: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, na namba 116 hupokea simu kuhusu usalama wa mtoto bila malipo. Lakini sheria na namba haziwezi kumsaidia mtoto ambaye hana mtu wa kumwambia.

Mtoto wa miaka 12

Mwinjili Luka anatupa kisa kimoja tu cha ujana wa Bwana wetu (Luka 2:41–52). Yesu alikuwa na miaka 12, umri wa watoto tunaowazungumzia. Familia ilikwenda Yerusalemu kwa sikukuu. Wakati wa kurudi, Yusufu na Mariamu walitembea siku nzima wakiamini mtoto yuko pamoja na wenzake msafarani. Hawakuwa wazazi wazembe. Msafara ulikuwa ndio kijiji, na waliuamini. Lakini jioni walimtafuta kwa ndugu na jamaa wasimwone, wakarudi mjini, na siku ya tatu wakampata hekaluni.

Walimkuta akifanya nini? Alikuwa ameketi katikati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Wazee wale hawakumfukuza kwa kuwa ni mtoto. Walimpa nafasi, wakashangazwa naye. Mariamu alipomuuliza kwa uchungu, alijibiwa jambo ambalo yeye na Yusufu hawakulielewa. Na Luka anasema aliyaweka yote moyoni. Mtoto naye alishuka nao Nazareti akawatii.

Kwetu sisi kisa hiki kina maonyo na faraja. Mzazi mwema anaweza kudhani mtoto yumo msafarani kumbe hayumo. Anapogundua, kazi yake ni kurudi njia ile ile akitafuta, hata kama itamchukua siku 3. Na mahali salama pa kumkuta mtoto mwenye maswali ni katikati ya wazee wanaokubali kuulizwa. Kanisa likiwa na majibu tu, bila nafasi ya maswali, mtoto atayapeleka kwingine. Kwingine huko kupo mfukoni mwake, na hakulali.

Kutengeneza upya yaliyokatika

Nchi nyingine zimechagua njia ya marufuku. Bunge la Australia lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuwazuia watoto walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, na sheria hiyo ikaanza kazi Desemba 2025. Serikali zina wajibu wake, na makampuni yanapaswa kubanwa. Lakini hata marufuku ikija kwetu, mtoto aliyeachwa peke yake atabaki peke yake. Historia yetu inatuonyesha mahali pa kuanzia, nayo ni pale pale penye chakula, jembe na kukabidhiana.

Chakula kwanza. Tupange saa moja ya kula ambayo hakuna simu mezani, ya mtoto wala ya mkubwa. Na watoto waruhusiwe kuja na wenzao, kama zamani. Kwa wale wa magheto, kila usharika ulio karibu na shule ya kata unaweza kuwa na akina mama na akina baba watakaowakaribisha wanafunzi chakula cha Jumapili baada ya ibada, kwa zamu. Wali na maharage vinatosha. Mama anayemjua mtoto kwa jina ataona mapema kuliko mtu yeyote siku mtoto huyo atakapoacha kula.

Jembe la pili. Simu ni chombo cha kazi, basi tufanye nayo kazi pamoja na watoto. Kwaya zetu zinarekodi video. Vijana ndio wanaoshika kamera. Wapewe kazi hiyo kwa heshima, na mzee wa kanisa akae nao wanapochagua kipi kirushwe na kipi kisirushwe, na kwa nini. Utaratibu wa vikundi vya mwaka 1973 unaweza kutumika katika darasa la kipaimara na shule ya Jumapili: tutazame kitu kimoja pamoja, tuulize kama ni cha kweli, nani amekitengeneza, anataka nini kwetu, kisha tuamue. Mikoa yetu ina vyuo vikuu vya makanisa, cha Iringa, cha Ruaha na cha Teofilo Kisanji kule Mbeya. Wanafunzi wake ni kaka na dada wa hawa watoto. Waalikwe.

Kukabidhiana ni la tatu, nalo ndilo gumu. Wazee wa ubusoka walikubali kusogea. Mtoto anayejua kwamba usharika huu utakuwa wake, aliyepewa zamu ya kusoma Neno, kuhesabu sadaka na kusema katika mkutano, ana sababu ya kuijali nyumba hii. Asiyepewa lolote atajijengea kijiji mahali watakapomhesabu kuwa mtu, hata kama hesabu yenyewe ni idadi ya vidole vilivyobonyeza alama ya moyo.

Na juu ya yote, pawe na mtu. Kila mtoto wa usharika awe na mkubwa mmoja, zaidi ya wazazi, anayeweza kumwonyesha kilichomo kwenye simu yake bila kupigwa wala kutangazwa. Mkubwa huyo ajue namba 116 na njia ya kwenda Dawati la polisi, na ajue kwamba siri ya ukatili dhidi ya mtoto haifichwi, hata kama mtendaji ana cheo kanisani. Mchungaji na baraza la wazee wanaweza kuwachagua watu hao kwa uangalifu, kwa majina, na kuwatambulisha mbele ya watoto wote.

Wazazi wa Rungwe hawakulala katika vibanda vya wana wao, wala hawakuvibomoa. Walihakikisha tu kwamba ipo njia kati ya kibanda na jiko la mama, na kwamba inakanyagwa kila siku hata majani yasipate kuota. Kazi hiyo sasa ni yetu.